Kiti Kilichofunikwa Kitambaa Cheusi

Tarehe 6 Septemba 1917, mjini Birkenhead, katika tamasha la taifa la Wawelisi, yaani watu wa Wales, liitwalo Eisteddfod, mtunzi aliyejificha nyuma ya lakabu ya Fleur-de-lis alitangazwa kuwa mshindi wa kiti cha ushairi. Lakabu hiyo iliitwa mara tatu, asisimame mtu. Mwenyewe, Ellis Humphrey Evans, kijana wa shamba kutoka Trawsfynydd aliyefahamika kwa jina la kishairi la Hedd Wyn, alikuwa ameuawa vitani Ubelgiji tarehe 31 Julai. Kiti kilifunikwa kitambaa cheusi, kikapelekwa kwa wazazi wake katika nyumba yao ya shamba iitwayo Yr Ysgwrn, na hadi leo kimo katika nyumba hiyo.

Kifo hicho kinanihuzunisha, lakini kinachonishughulisha zaidi ni kiti chenyewe. Kila mwaka jamii hiyo humchongea kiti kipya mtu aliyetunga kwa arudhi ya cynghanedd, ambayo huweza kudai konsonanti za nusu ya kwanza ya mshororo zirejee katika nusu ya pili kwa mfuatano uleule, na pengine hudai vina vya ndani vifungamane. Sisi watunzi wa Kiswahili tuliolelewa na vina vya kati na vya mwisho, tukihesabu mizani nane kwa nane kwa vidole, tunaijua kazi hiyo. Wanaotunga kwa mtindo huru nao wana taji lao katika tamasha lilelile, na laiti ubishi wetu wa miaka ya 1970 juu ya mashairi huru ungalipata suluhu kama hiyo. Majaji wasipoona shairi linalostahili, kiti hakipewi mtu, na uamuzi huo naona ni heshima kubwa kwa watunzi.

Sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba wanaozungumza Kiwelisi nchini Wales ni asilimia 17.8 tu, yaani watu 538,000 hivi. Kwa maoni yangu, ushairi wao umedumu kwa sababu wapo wasikilizaji wanaoijua kanuni na wanaodai shairi jipya, wala hawaridhiki kuyatunza ya mababu peke yake. Mwandishi wa Kiswahili ana wasemaji mamilioni, lakini wasikilizaji wa namna hiyo amepungukiwa nao. Mtaani kwetu yupo mzee mmoja ambaye hunikatiza mara tu mizani inapopwaya, na kila shairi ninalolimaliza humsomea yeye kwanza.