Mkaguzi wa Nyumba Asiwe Muuza Paa

Kila mara moto mkubwa wa nyika unapoteketeza makazi ya watu, biashara moja hushamiri kwa kasi: ile ya wakandarasi wanaoahidi kuifanya nyumba isishike moto. Wengi wao ni mafundi wa kweli wanaoijua kazi yao, na sina ugomvi nao. Ninachokipinga ni utaratibu wetu wa kuwaajiri, kwa kuwa tunamwita muuza madirisha atueleze kasoro za nyumba yetu, kisha tunashangaa anapogundua kwamba kasoro kubwa iko madirishani. Msimamo wangu ni kwamba ukaguzi wa nyumba na kazi ya kuirekebisha vifanywe na watu wawili tofauti, kila mmoja kwa malipo yake, na mwenye nyumba asitie saini mkataba wowote wa ujenzi kabla hajapata ripoti ya mtu asiye na bidhaa ya kuuza.

Sababu ya msimamo huu iko katika namna nyumba zinavyoungua. Wengi wetu hudhani kwamba moto hufika kama ukuta wa ndimi unaosonga mbele na kumeza kila kitu. Jack Cohen, mtafiti aliyefanya kazi miaka mingi katika Shirika la Misitu la Marekani, alionyesha kwamba joto la moto wa msitu, hata ule unaowaka hadi vileleni mwa miti, kwa kawaida haliwezi kuuwasha ukuta wa mbao ulio umbali wa zaidi ya mita 30 hivi. Nyumba nyingi huwashwa na makaa madogo yanayopeperushwa na upepo, ambayo huweza kutua kilomita moja au zaidi mbele ya moto wenyewe, na baada ya hapo nyumba moja huiambukiza nyingine. Mji wa Paradise, California, ulipoungua Novemba 2018, watu 85 walifariki na majengo zaidi ya 18,000 yaliteketea, lakini picha zilizopigwa baadaye zilionyesha misonobari iliyobaki na majani mabichi kando ya nyumba zilizogeuka majivu. Miti ilinusurika mahali ambapo nyumba hazikunusurika.

Ukishalielewa hilo, utaona kwa nini kazi zenye manufaa makubwa mara nyingi ndizo zisizompa mkandarasi faida ya maana. Chukua matundu ya hewa yaliyo chini ya upenu. Katika nyumba nyingi za zamani, matundu hayo yamefunikwa kwa wavu wenye nafasi za milimita 6 hivi, zinazotosha kuzuia ndege na panya, lakini kaa la moto hupenya bila shida. Likiingia darini hukuta vumbi, utando wa buibui, maboksi ya karatasi na mbao za kenchi zilizokauka kwa miaka mingi, na nyumba huanza kuungua kutoka ndani ilhali kuta za nje hazijaguswa. Tiba yake ni kuweka wavu wa chuma kisichoshika kutu wenye nafasi zisizozidi milimita 3, au bora zaidi, kufunga matundu maalumu yaliyopimwa kwa makaa na kwa ndimi za moto. Kiwango cha Australia cha ujenzi katika maeneo ya moto wa nyika, AS 3959, ni kikali zaidi, kwa maana kinataka nafasi za wavu zisizidi milimita 2. Kazi yenyewe ni ya ngazi, bisibisi na mikasi ya bati, na fundi anayetafuta kandarasi ya kubadilisha kuta nzima hana sababu ya kuianza kwako kwa hiari yake.

Sisemi kwamba kazi kubwa hazina maana. Ikiwa paa ni la vipande vya mbao visivyotiwa dawa, lianze hilo kabla ya kitu kingine chochote, na liezekwe upya kwa vifaa vya daraja A, yaani daraja la juu kabisa katika vipimo vya moto vya Marekani. Lakini hata paa la vigae vya udongo, ambalo lenyewe haliungui, huwa na nafasi zilizo wazi kwenye kingo zake za chini, ambako ndege hujenga viota na majani makavu hukusanyika. Mkaguzi mwaminifu atapanda ngazi, ataingiza kidole katika nafasi hizo na kukwambia uzizibe, halafu mifereji ya mvua isafishwe. Muuza paa atakwambia paa limechoka.

Bidhaa ninayoitilia shaka kuliko zote ni rangi na dawa za kupaka ukutani zinazotangazwa kwamba huzuia moto. Jua na mvua huzidhoofisha, na kanuni za ujenzi za California kwa maeneo yenye hatari ya moto wa nyika hazikubali mpako kuchukua nafasi ya ukuta uliojengwa kwa vifaa vinavyotakiwa. Mkandarasi anayeanza mazungumzo kwa kuitaja rangi hiyo, kabla hajauliza paa limeezekwa kwa nini wala matundu ya hewa yako wapi, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kuna pia kazi ambayo haina mwenyewe. Mita 1.5 za kwanza kutoka ukutani ndizo wataalamu wanazotaka zisiwe na kitu chochote kinachoweza kuungua: matandazo ya magome ya miti, vichaka chini ya dirisha, kuni zilizopangwa chini ya baraza, na hasa uzio wa mbao unaogusana na ukuta wa nyumba, kwa kuwa uzio wa namna hiyo huubeba moto kutoka mpakani hadi mlangoni. Mjenzi husema hiyo ni kazi ya mtunza bustani, mtunza bustani husema uzio si wake, na fundi wa uzio hakuitwa. Ripoti ya mkaguzi inapaswa kuikabidhi kazi hiyo kwa mtu kwa jina, hata kama mtu huyo ni mwenye nyumba mwenyewe na msumeno wake, maana kukata sehemu ya mwisho ya uzio na kuweka badala yake kipande cha chuma ni kazi ndogo.

Ripoti ikishapatikana, ndipo mkataba uandikwe, na uandikwe kwa kuifuata. Nimeona makadirio ya gharama yenye mstari mmoja tu: "Kuimarisha nyumba dhidi ya moto, kazi yote." Mstari huo hauna la kupima, kwa hiyo hauna la kudai. Linganisha na huu: "Kuondoa wavu uliopo katika matundu yote ya upenu na ya msingi wa nyumba, na kufunga wavu wa chuma kisichoshika kutu wenye nafasi zisizozidi milimita 3, bila kuacha ufa pembeni mwa fremu." Kwa mkataba wa pili unaweza kupita na rula mkononi. Sehemu zitakazofunikwa, kama vile tabaka lililo chini ya vigae au ndani ya upenu uliozibwa kwa mbao, zipigwe picha kabla ya kufunikwa, na jambo hilo liwe sharti la malipo badala ya kuachwa kuwa ombi la heshima.

Kuhusu malipo, California ina kanuni ambayo ningependa kuiona kila mahali: kwa kazi za kuboresha nyumba, mkandarasi haruhusiwi kwa kawaida kudai malipo ya awali yanayozidi asilimia 10 ya bei ya mkataba au dola 1,000, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Leseni ya mkandarasi huko pia inaweza kuthibitishwa na yeyote katika tovuti ya bodi ya leseni ya jimbo. Pasipo na kanuni kama hizo, mwenye nyumba ajiwekee yake, na abakize sehemu ya fedha hadi mkaguzi yule yule wa mwanzo atakaporudi kuikagua kazi. Najua hoja ya kwamba kulipa mkaguzi ni kuongeza gharama. Ni kweli, ila madirisha yaliyobadilishwa bila kuhitajika huweza kula fedha nyingi kuliko hizo, na kampuni ya bima inapaswa kuulizwa mapema ni marekebisho gani inayoyatambua, kwa kuwa baadhi ya kampuni hizo hazitapunguza ada kwa kazi iliyofanywa nusu.

Mkataba wa nyumba moja, hata hivyo, hauwezi kulizuia joto la nyumba ya jirani inayoungua mita chache kutoka ukutani kwako. Katika mitaa iliyobanana, ningeshauri majirani waajiri mkaguzi mmoja kwa pamoja na waombe bei ya pamoja kwa ajili ya matundu, mifereji na uzio. Mkandarasi aliyekuwa akiikwepa kazi ya nyavu kwa sababu ya udogo wake atakuwa na sababu ya kuifanya nyumba kumi zikiwa katika mkataba mmoja, na ripoti ya pamoja itataja pia kile kibanda cha mbao cha mpakani ambacho kila jirani hudhani ni cha mwenzake.