Maporomoko ya Jikoni, South B

Nilipokubali kutafsiri kijitabu cha usalama wa wapanda milima wa Uswisi, sikumweleza mteja kwamba theluji pekee niliyowahi kuigusa ni ile inayoganda kwenye kuta za friza yetu, tena katika zile wiki adimu ambazo umeme haupotei.

Nilikwama kwenye ukurasa wa tabaka dhaifu. Upepo huikusanya theluji upande wa mlima uliojikinga na kuishindilia ikawa bamba gumu, na iwapo chini yake kuna chembe zisizoshikana, uzito wa mtu mmoja hutosha kulivunja lile bamba likateleza zima zima. Ndiyo maana mara nyingi aliyeyaanzisha maporomoko ya theluji huwa ni yule yule aliyezikwa au mwenzake. Kila sentensi niliielewa, ila mlima wenyewe sikuuona.

Basi niliuegemeza ubao wa kupigia pasi kwenye meza ya jikoni, nikanyunyiza sukari kuwa tabaka dhaifu, kisha nikamwaga juu yake kilo 2 za unga wa ngano ambao mke wangu alikuwa ameuweka wa chapati, nikaushindilia kwa kiganja. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa, alikuwa ameketi upande wa pili akichambua mchele.

"Baba Zuhura, haya ni mapishi gani?"

"Si mapishi, Mama. Ni mlima."

Nilikuwa na kipimapembe cha binti yangu, nikauinua ubao kidogo kidogo. Kwenye nyuzi 25 hapakutokea kitu, na kwenye 30 pia, nami nikamfahamisha Mama, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba maporomoko mengi ya aina hii hutokea kati ya nyuzi 30 na 45. Kwenye 38 ufa mwembamba kama unywele ulikimbia kutoka ukingo hadi ukingo. Kijitabu kinasema ufa wa namna hiyo, au mlio mzito wa theluji inayobonyea chini ya miguu, ni onyo la kuondoka mara moja. Mimi niliinama ili niutazame vizuri.

Unga ulishuka wote kwa pamoja, ukaufunika mchele, simu ya Mama na buibui lake jeusi kuanzia kifuani hadi magotini.

"Lahaula! Simu yangu!"

Nafasi ya aliyezikwa kutoka hai hupungua kwa kasi baada ya dakika 10 hivi za mwanzo, kwa hiyo wasafiri wa huko hubeba kifaa cha kutoa mawimbi ya kuonyesha mtu alipozikwa, ufito mrefu wa kudungia theluji ili kumtafuta, na sepetu. Mimi nilikuwa na mwiko. Nilikuwa bado nachimba mke wangu alipoingia, akatutazama mmoja mmoja, kisha bila neno akapiga namba ya mama yake. Taarabu ikalia chini ya unga.

Mama aliifukua, akaipuliza, akaipokea kwa utulivu, ingawa mpigaji alikuwa amesimama mbele yake.

"Nipo jikoni, mwanangu. Mumeo amenizika."