Mwari ana somo, mjane ana eda. Mstaafu ana nani?

Siku hizi mtu mzima aliyeko Unguja au Pemba anaweza kulipia saa nzima ya kuzungumza na mshauri nasaha kwa simu ya picha. Mshauri yuko Dar es Salaam, yuko Nairobi, au yuko London. Anachouza si dawa wala ramli. Anamsikiliza mtu aliyeachika, aliyestaafu, aliyefiwa, au aliyerudi nyumbani baada ya miaka mingi Maskati, kisha anamsaidia ajipange upya. Jambo hilo hapa kwetu lina wanaolicheka na wanaoliapia. Wanaolicheka huuliza mwenye mama, shangazi na shekhe wa mtaa ana haja gani ya kumlipa mgeni ili amwagie siri zake. Wanaoliapia hujibu kwamba huyo mama na huyo shangazi ndio hasa anaotaka kuwakimbia.

Wote wawili naona wana haki, ila wanabishana kana kwamba mapito ya maisha yote ni sawa. Si sawa. Yapo ambayo mila za visiwani zimeshayawekea mtu wake na muda wake. Binti anayekaribia kuolewa hukabidhiwa somo, mwanamke anayejulikana, mwenye ruhusa ya kutamka mambo ambayo mama mzazi hawezi kuyatamka. Baada ya harusi kuna fungate. Mzazi ana arobaini yake. Msiba una matanga na khitma, na mjane ana eda ya miezi minne na siku kumi, ambamo hakuna anayemtarajia achangamke ili kumridhisha mtu. Nancy Schlossberg, mtaalamu wa Marekani aliyeanza kuandika nadharia yake ya mapito ya watu wazima mwaka 1981, anasema kuvuka salama kunategemea mambo manne: hali yenyewe ilivyo, mtu alivyo, watu alionao, na mbinu anazozijua. Bibi harusi wa Unguja ukimpima kwa mambo hayo manne, hajakosa kitu.

Sasa mtazame mstaafu. Mtumishi wa Serikali anafika miaka 60, anapewa barua, anafuatilia mafao yake ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, wenzake ofisini wanamkatia keki na kupiga naye picha. Jumatatu saa nne asubuhi yuko sebuleni, na mkewe, ambaye kwa miaka thelathini saa hiyo ilikuwa yake peke yake, hajui amuweke wapi. Hakuna somo wa jambo hili. Mwanamume aliyetoa talaka naye hivyo hivyo: mwanamke anakaa eda, yeye jioni ileile yuko barazani na anatarajiwa acheze bao na acheke. Na mwanamke wa miaka arobaini anayerudi kwao, akalala chumba kimoja na watoto wa kaka yake, eda ikimalizika anabaki na swali moja tu analoulizwa na kila mtu: utaolewa lini?

Mwaka 1967 madaktari wawili wa akili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitoa jedwali la matukio ya maisha na uzito wa kila moja. Kufiwa na mwenza walikupa alama 100, talaka 73, kuoa au kuolewa 50, kustaafu 45. Kwa alama 50 za ndoa sisi tunafunga turubai, tunapika pilau na tunakesha na taarab. Kwa 45, keki. (Jedwali hilo halina mstari wa mwanamke anayeletewa mke mwenza, na ningependa sana kumsikia mtu akiupangia alama.)

Katika pengo hilo ndipo mshauri wa mtandaoni ana kazi. Anayeijua fani yake hakimbilii kutoa mawaidha, kwa sababu mawaidha mteja ameshashiba. Kila mtu kamwambia asubiri. Kikao huwa cha dakika 50 hivi, mara moja kwa wiki, na mwanzoni kinatafuta kujua kilichokwisha ni kipi hasa. Mstaafu hakupoteza mshahara peke yake. Amepoteza saa ya kuamka, watu wa kusalimiana nao njiani, na cheo kilichokuwa kikitangulia jina lake. Mambo haya yakishatajwa moja moja ndipo wanapanga vitu vidogo vya kufanya: kutoka nyumbani saa ileile ya zamani, kumtembelea mtu mmoja kwa wiki, kumwambia mke neno moja lililokwama. Huku mshauri anapima uzito. Wataalamu wanaitambua hali ya mtu kushindwa kuzoea badiliko, inayoanza ndani ya miezi mitatu tangu tukio na kwa kawaida haizidi miezi sita baada ya chanzo chake kuondoka. Mtu akiwa hali, halali, na anazungumza kwamba hataki kuishi, hapo suala limetoka mikononi mwa mazungumzo, anahitaji daktari.

Na kwa simu, yote haya yanafaa? Tafiti zilizolinganisha tiba ya mazungumzo ya mtandaoni na ya ana kwa ana kwa watu wazima wenye sonona na wasiwasi zimeona matokeo yanakaribiana, hasa pale mteja anapofuatiliwa na mtu halisi. Lakini sehemu kubwa ya tafiti hizo zilifanywa Ulaya, Marekani na Australia, kwa watu wenye chumba chao na mlango wa kufunga.

Nyumba zetu hazikujengwa kwa siri ya mtu mmoja mzima. Mji Mkongwe kuta ni nene, lakini dirisha liko wazi na uchochoro uko chini yake. Kwenye maghorofa ya Michenzani jirani anajua umeunga nini kabla hujapakua. Shamba watoto wanapita kila chumba, na hodi ikipigwa mpigaji ameshaingia. Mwanamke akijifungia na simu saa nzima, hakuna atakayesema anapata unasihi. Watasema ana bwana. Njia zinazobaki ni kuzungumza ndani ya gari kwa mwenye gari, kwenda ufukweni kwa mwenye ruhusa ya kutoka, au kuandikiana ujumbe na kuufuta kabla mwenye nyumba hajarudi. Mshauri asiyeuliza tangu dakika ya kwanza "upo wapi, nani anakusikia, na tukiingiliwa tujifanye tunazungumza nini?" mimi singemlipa hata shilingi. Kukatika umeme na kumalizika bando katikati ya kilio ni taabu nyengine, lakini hizo zinavumilika.

Hata hivyo udogo huohuo wa visiwa ndio unaompa mgeni thamani yake. Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773, na Pemba ni chini ya theluthi yao. Wete ukimwambia mtu jambo lako, kuna uwezekano mkubwa shemeji yake kamuoa binamu yako. Mficha uchi hazai, ndiyo, lakini mkunga naye huchaguliwa, na mtu anayefikiria kumuacha mkewe hawezi kupima wazo hilo mbele ya mtu atakayelifikisha kwa wakwe kabla ya Isha. Anayejua kwamba msikilizaji hamjui baba yake wala hatakutana naye sokoni husema mambo ambayo shangazi hatayasikia mpaka anakufa.

Pingamizi la dini nalizingatia, na naona linatajwa kwa haraka mno. Husemwa kwamba kumsimulia mgeni aibu za mume ni kumsengenya. Lakini Imamu Nawawi alitaja hali sita ambazo kumtaja mtu asiyekuwepo kunaruhusiwa, miongoni mwao kushtaki dhulma kwa mwenye uwezo wa kuiondoa, na kuomba fatwa. Hind binti Utba alikwenda kwa Mtume, rehma na amani zimshukie, akamwambia waziwazi kwamba mumewe Abu Sufyan ni bakhili, naye akajibiwa haja yake bila ya kukemewa. Kipimo basi ni haja, na kusema kwa kadiri ya haja hiyo. La mwanamke kuzungumza faragha na mshauri mwanamume linanipa uzito zaidi, hata kama kioo cha simu kinawatenganisha. Dawa yake iko karibu, achague mshauri mwanamke, na huduma ya mtandaoni inamrahisishia uchaguzi huo kuliko mji wenye washauri wachache.

Kinachonitia hofu khasa ni umbali siku jambo linapoharibika. Mteja yuko Konde, mshauri yuko Nairobi, saa sita za usiku anaandika maneno ya kuaga. Nani atabisha hodi? Hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu iko Unguja, na kutoka Pemba mtu avuke bahari kwanza. Afya si jambo la Muungano, Zanzibar ina wizara yake na sheria zake. Mshauri wa ng'ambo akikosea, mteja aliyeko visiwani atapata taabu kuujua mlango wa kwenda kushtakia. Na wapo wanaojiita washauri kwa cheti cha wiki mbili. Mtu aulize kasomea wapi, anasimamiwa na nani, na ameandika namba ya jamaa gani wa kupigiwa usiku. Ugeni nao una madhara madogo madogo: mshauri asiyejua mila atamhimiza mjane atoke jioni akapunge hewa na kukutana na watu, katikati ya eda.

Ndiyo maana sioni kwamba simu ndiyo jibu la kila mmoja. Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 huko Mbare, Harare, kuwafunza mabibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya kituo cha afya na kuwasaidia watu kutatua matatizo yao. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye washiriki 573 katika vituo 24, liliwakuta waliopita kwenye benchi wana nafuu kubwa kuliko wengine baada ya miezi sita. Mpango huo umeshafika Zanzibar. Kwa mwanamke aliyebanwa kwenye nyumba yenye masikio, benchi ninalipa nafasi mbele ya simu, kwa sababu moja ya kawaida kabisa: kwenda kituo cha afya kupima presha hakuulizwi na mtu. Kwa mstaafu, au mwanamume aliyeacha, ambaye hatakubali kuonekana amekaa hapo na bibi wa jirani, simu ndiyo itakayomtoa neno.

Limebaki la mlipaji, nalo silisikii likizungumzwa. Mstaafu wa Mkoani, Pemba, hatatoa pesa yake kununua mazungumzo. Atakayelipa ni mwanawe aliyeko Dubai au Toronto. Akishalipa mara mbili tatu atampigia mshauri: "Mzee anaendeleaje? Anasemaje kuhusu mama?" Kwa desturi yetu mtoto anayegharamia ana haki ya kujua, na mshauri akimkatalia ataonekana hana adabu. Kwa miiko ya fani, akimjibu amemuuza mteja wake. Jambo hilo limalizwe kwa maandishi kabla ya pesa kutumwa: anayelipa haambiwi kitu, isipokuwa kukiwa na hatari ya maisha. Mtoto akilikataa sharti hilo, pesa hiyo bora amtumie baba yake nauli ya boti, akawaone wenzake wa zamani Unguja.