Nani Anamjibia Dada wa Kazi?

Wiki iliyopita halmashauri ya mji ninaoishi hapa Uingereza iliniandikia barua, mimi mfanya usafi wa ofisi, ikiniomba maoni kuhusu mabasi ya usiku. Iliuliza kama nitahitaji mkalimani wa lugha ya alama au mtu wa kubaki na mtoto, kisha ikaeleza kwamba muda wangu utalipwa. Nilifurahi, halafu nikaudhika, kwa sababu miaka yote niliyoishi Dar es Salaam sikumbuki kuulizwa lolote mimi mwenyewe.

Kwetu anayeulizwa ni mkuu wa kaya. Nilikuwepo Sinza wakati wa Sensa ya 2022: karani alikaa kibarazani, mjumbe pembeni yake, na shemeji akawajibia wote waliolala humo usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Dada wa kazi alikuwa hapo hapo anaosha vyombo huku shemeji akikisia umri wake na darasa aliloishia. Lilipofika swali la kusikia, shemeji alisema Bibi anasikia vizuri tu, Bibi ambaye sote tunamwita kwa kupaza sauti. Sheria ya Watu wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, lakini mipango inayomhusu Bibi itaanzia kwenye jibu la shemeji.

Katika sensa ya Uingereza na Wales ya 2021 pia fomu ilikuwa ya kaya. Tofauti ni kwamba aliyetimiza miaka 16 aliweza kuomba namba yake ya siri, akajibu peke yake bila wenye nyumba kujua.

Najua mtaniambia nimelewa majuu. Sijalewa. Wakazi wa jengo la Grenfell, London, walilalamikia usalama wa moto kwa miaka bila kusikilizwa, mpaka watu 72 walipokufa kutokana na moto wa Juni 2017. Wazungu nao wana viziwi wao wa hiari. Na sisi tunayaweza: katika Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za Dar es Salaam ulioanza 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata zinazofurika, Tandale ikiwamo, walichora wenyewe mitaro na vichochoro vyao, na mtaa wangu wa hapa haujawahi kuombwa kazi ya namna hiyo.

Wengine watauliza fedha ya kuwalipa watoa maoni itatoka wapi. Itoke kulekule inakotoka posho ya semina za hotelini, ambako wataalamu hujadili umaskini wa mama lishe na mama lishe mwenyewe, akibahatika kualikwa, hupewa soda. Wala msiniambie teknolojia haipo, maana makarani wa 2022 walibeba vishikwambi, ambavyo baadaye vilikwenda kwa walimu. Kuongeza ukurasa ambao dada wa kazi angejibu mwenyewe, shemeji akiwa ameombwa kusogea kando, kungehitaji programu na siku moja zaidi ya mafunzo ya makarani.