Fundi Kanisaidia

Siku ananikabidhi ufunguo, fundi alikuwa anatabasamu kama mkunga. "Bosi, injini imezaliwa upya hiyo." Nikawasha. Kweli bwana, inakoroma taratibu kama paka aliyeshiba. Nilipotaka kuondoka akanitupia mfuko wa plastiki uliopigwa fundo. Ndani mna bolti tatu, kibano kimoja cha bomba la mpira, na kidude cha duara cha shaba chenye springi.

"Hivi vya nini, fundi?"

"Vilivyobaki, bosi. Gari linatembea tu bila hivyo."

Mtu mwenye akili hapo angeuliza swali la pili. Mimi nikasema ahsante. Mfuko nikausokomeza kwenye kisanduku cha dashibodi, nikaenda zangu.

Gari lenyewe ni la siku nyingi, lina umri wa kuwa mzazi. Lilichemka njiani, likaunguza gasketi ya silinda hedi, yaani kile kizibo kati ya kichwa cha injini na mwili wake, maji yakaingia kwenye oili, ikabidi injini ifunguliwe yote. Hedi ikasawazishwa, ringi za pistoni zikawekwa mpya. Kabla ya maradhi hayo lilikuwa linanipa kilomita 12 kwa lita, na sikuwahi kushukuru.

Wiki ya kwanza nikadhani geji ya mafuta imeharibika. Mshale uliokuwa ukishuka kwa aibu, sasa unashuka kama umeitwa chini na una haraka. Nikasema nisimwonee mtu, nipime. Nikajaza tangi mpaka pampu ikakata yenyewe, kihesabio cha safari nikakirudisha sifuri, nikatembea siku zangu za kawaida, nikajaza tena kwa pampu ileile. Kilomita 266, lita 38. Nikagawanya kwa simu. Nikagawanya kwa kalamu. Nikampa mtoto agawanye, maana wao wanafundishwa hesabu mpya. Saba! Kilomita 7 kwa lita. Kuna malori yanayobeba kokoto hayana aibu ya namna hii.

Nikampigia fundi.

"Ah, bosi, injini mpya hiyo. Ringi zinatafuta makao kwenye silinda. Mpe kilomita 1,000."

Na si uongo, ringi mpya huhitaji muda zikae. Nikampa. Zikaisha. Akasema 2,000. Nikampa. Jamani, mimi nimehama nyumba mara nne maishani na sijawahi kutafuta makao kwa kilomita 2,000.

Basi ukitaka kujua una ndugu wangapi, tangaza kwamba gari lako linakula mafuta. Jirani akaja na kipimo cha upepo, akakuta matairi mawili yamelegea, tukajaza. Mwingine akatoa kichujio cha hewa, akakikung'uta mbele ya uso wangu ili nione dhambi zangu. Shemeji yeye alisema gari linabeba uzito usio wa lazima. Nikaenda kufungua buti tutoe mizigo. Kugeuka, namkuta bado ananitazama tumbo.

Tukabadilisha kichujio. Saba na pointi moja.

Nikafungua plagi, zile zinazotoa cheche za kuwasha mafuta. Hizi zilikuwa mpya siku ya ufunguzi, na plagi ya injini inayochoma mafuta vizuri hutoka na rangi ya kahawia hafifu. Zangu zilitoka nyeusi, zina masizi makavu kama zimepikiwa juu ya kuni. Hata mimi najua maana yake: mafuta yanamiminwa kupita kiasi cha hewa. Injini ya petroli ikiwa na akili timamu inataka kama kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya mafuta. Yangu ilikuwa inajihudumia kama mgeni aliyeambiwa jisikie uko nyumbani.

Akaja kijana mwenye mashine ya kusoma makosa. Kifaa kizuri, kina kioo kikubwa na waya za kila aina. Akajaribu wa kwanza, haukuingia. Wa pili, wa tatu, haukuingia. Gari langu ni la enzi zile kila kiwanda kilikuwa kinajitungia soketi yake. Kijana akalitazama kama mtu anayeongea na babu asiyesikia, akafunga mkoba wake kwa heshima.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja, fundi wa zamani ambaye spana ameshaziachia wanawe. Hakugusa hata boneti. Kakaa kwenye kiti chake, kauliza:

"Mshale wa joto unasimama wapi?"

"Chini kabisa, mzee!" Nilijibu kwa majivuno. "Halichemki tena hili. Wala haunyanyuki. Fundi kalitibu."

Mzee akanyamaza. Ule unyamavu wa daktari anayetafuta pa kuanzia.

"Themostati wametoa," akasema. "Gari lako lina homa ya baridi."

Akanieleza. Ile themostati ni mlango kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi mlango unafungwa, maji yanazunguka ndani kwa ndani mpaka yapate moto, kwenye nyuzi 82 hivi au zaidi kidogo kutegemea gari, ndipo mlango unafunguka yakapoe kwenye rejeta. Ukiutoa, maji yanakimbilia rejeta tangu unapowasha. Injini haipati joto lake hata ukiendesha nusu saa barabara kuu. Na kule kwenye kompyuta ya injini, sensa ya joto inaripoti kila dakika: bado baridi, bado baridi. Kompyuta nayo ina huruma, inaongeza mafuta, kama choki ya kabureta zile za zamani mtu alizokuwa anavuta asubuhi. Mimi nimetembea miezi miwili na choki imevutwa!

"Tena lako ni otomatiki," akaongeza. "Mengi yake, injini isipopata moto, gia ya mwisho hayakupi."

Ndiyo maana lilikuwa linalia barabara nzima kama linapanda mlima! Na mimi nilikuwa naongeza sauti ya redio.

"Hiyo themostati ikoje, mzee?"

"Kidude cha duara. Cha shaba. Kina springi."

Sikujibu. Nilikisikia kile kisanduku cha dashibodi kikinicheka.

Mzee alisema kabla ya kununua mpya nikaichemshe ile ya zamani nione kama ni nzima. Nikaingia jikoni, nikachukua sufuria ndogo, maji, moto. Mke wangu akaja, akafunua mfuniko.

"Baba watoto, ni nini hii?"

"Themostati."

Akafunika, akatoka. Ndoa za muda mrefu zina maswali ambayo hayaulizwi.

Maji yakatokota. Themostati imegongwa namba 82 ubavuni, kwa hiyo kwenye maji yanayotokota ilitakiwa iwe imepanua mdomo zamani. Wapi! Imefunga kimya, kama shahidi aliyehongwa. Nikaitazama pale ndani mpaka nikaelewa. Huyu ndiye aliyefunga mlango maji yasiende rejeta. Huyu ndiye aliyechemsha gari, akaunguza gasketi, akapindisha hedi. Injini nzima imefunguliwa kwa ajili yake, na mimi nimemwendesha miezi miwili kwenye kiti cha mbele, bila hata kumfunga mkanda.

Mpya ikawekwa kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kubishana na mke kuhusu sufuria. Mshale wa joto ukapanda, ukafika katikati, ukatulia. Nilishasahau kwamba una uwezo huo. Gia ya mwisho ikaingia, nikadhani injini imezima. Nikajaza, nikatembea, nikajaza: kilomita 11. Ile moja iliyopotea tuliikuta kwenye gurudumu la mbele kushoto, breki imeng'ang'ania na rimu ni ya moto kama pasi.

Nikampigia fundi wangu. Nilikuwa nimejiandaa, nimeandika hoja kwenye karatasi.

"Fundi, ulitoa themostati!"

"Ndiyo, bosi. Si lilikuwa linachemka?"

"Lilikuwa linachemka, ndiyo, lakini..."

"Baada ya mimi kutoa, lilichemka tena?"

Nikatazama karatasi yangu. Hoja hiyo haikuwemo.

"Basi bosi, nilikusaidia."

Kibano cha mpira mzee alikitambua, kikarudi kwenye bomba lake. Zile bolti tatu kaziviringisha kiganjani, kaangalia nyuzi zake, kazinusa kabisa, kisha kanirudishia bila kusema neno. Zipo kwenye kisanduku. Kila nikipita kwenye shimo zinagongana, na mimi napunguza mwendo kusikiliza ni nini kimelegea.