TB sugu Tanzania: ni wachache kweli, au hatupimi?

Kila kifua kikuu sugu kinapotajwa Tanzania, mabishano ni yale yale. Watu wa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma wanasema wagonjwa wa aina hiyo ni wachache. Wanaharakati wa afya, na madaktari si haba, wanawajibu: ni wachache kwa sababu hatupimi. Jibu hilo la pili lina mvuto wake, maana anayelitoa huonekana kafichua jambo. Mimi naona ndilo linalopita bila kuulizwa maswali.

Tuanze na takwimu zenyewe. Utafiti wa kwanza wa kitaifa, wa mwaka 2006 hadi 2007, ulikuta TB sugu, yaani vimelea visivyosikia dawa mbili kuu, rifampisini na isoniazidi, kwa asilimia 1.1 ya wagonjwa wapya na asilimia 3.1 ya waliowahi kutibiwa. Utafiti wa pili, wa 2017 hadi 2018, ulipata asilimia 0.85 na asilimia 4.6. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, wastani wa dunia ni kama asilimia 3.2 kwa wapya na 16 kwa waliowahi kutibiwa. Huko Belarus, zaidi ya theluthi ya wagonjwa wapya wana TB sugu. Yaani nchi yenye kipato kikubwa kuliko chetu, yenye hospitali na madaktari wa kutosha, imezidiwa mbali na nchi ambayo zahanati zake nyingi hazina hata mashine ya eksirei.

Hapo ndipo msomaji anapoguna. Lakini hoja ya "hatupimi" inagusa taarifa za kila siku za vituo, na kwa hizo ina haki. Tafiti hizi hufanywa kwa njia nyingine. Vituo huchaguliwa kwa bahati nasibu, na mgonjwa yeyote anayekutwa na vimelea kwenye makohozi huombwa kushiriki, awe ameshukiwa usugu au hajashukiwa. Kikopo chake husafirishwa hadi maabara, vimelea huoteshwa kwa wiki kadhaa, kisha hujaribiwa dawa moja moja. Daktari hana nafasi ya kuchagua nani apimwe. Na tafiti mbili zilizopishana kwa miaka kumi zimeleta jibu linalokaribiana. Anayesema tarakimu hizo ni za kubahatisha atuonyeshe kosa lilipo.

Kwa nini basi ziko chini? Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye historia ambayo haina mashujaa wa kuvutia. Mpango wa taifa ulianza mwaka 1977, na mshauri wake alikuwa Karel Styblo, daktari kutoka Czechoslovakia ambaye mfumo alioujenga hapa ulikuja kuigwa duniani kwa jina la DOTS, yaani tiba inayomezwa chini ya uangalizi. Tiba ya muda mfupi ilipoanza kuingia miaka ya 1980, rifampisini ilitolewa miezi miwili ya kwanza tu, wakati mgonjwa yuko wodini au mbele ya mhudumu anayemwona akimeza. Miezi sita iliyobaki alipewa dawa nyingine, dhaifu zaidi, za kumezea nyumbani. Ukiilinganisha na ya leo ilikuwa bado tiba ndefu, yenye madhara yake, na ilikuja kuachwa kwa sababu nzuri. Ila kwa miaka mingi rifampisini haikuzagaa. Hata leo ukienda duka la dawa muhimu mtaani utapata antibayotiki za kila namna, mara nyingi bila cheti, lakini vidonge vile vyekundu vinavyogeuza mkojo rangi ya chungwa unavipata kliniki ya TB, bure, na kadi yako inawekewa alama.

Tazama kanda yetu. Somalia ilipofanya utafiti wake wa kitaifa, ikachapisha matokeo mwaka 2013, ilikutwa na asilimia 5.2 kwa wagonjwa wapya na asilimia 40.8 kwa waliowahi kutibiwa. Ugonjwa ni ule ule, dawa ni zile zile. Kilichokosekana ni serikali ya kusimamia nani anauza nini na nani anamaliza dozi. Rwanda nayo ilitoka asilimia 3.9 ya wagonjwa wapya mwaka 2005 ikashuka hadi karibu asilimia 1.5 mwaka 2015. Kenya, iliyokuwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB sugu, iliondolewa orodha ilipopangwa upya mwaka 2021. Tanzania haikuwamo kabisa, ingawa kwenye orodha ya TB ya kawaida ya mwaka huo tulikuwamo, na hilo si la kujivunia.

Sasa wapinzani wana nini mkononi? Wana vitu viwili vya maana. Kwanza, utafiti unamhesabu aliyefika kituoni na akaweza kutoa makohozi. Mtoto mdogo hawezi, na mchimbaji wa Mirerani anayekohoa mwaka mzima akidhani ni vumbi la mgodi hayumo. Pili, kipimo cha GeneXpert kinachotumika kwa wengi, kinachotoa jibu ndani ya saa mbili, hutafuta usugu kwa rifampisini peke yake. Mwenye vimelea vinavyoshinda isoniazidi tu ataambiwa yuko salama na ataanzishiwa tiba ya kawaida. (Panya wa Morogoro waliofunzwa kugundua TB kwa kunusa makohozi, ambao kila mgeni anataka kupiga nao picha, ndio kabisa hawawezi kutofautisha sugu na isiyo sugu.) Hoja hizi nazikubali. Zinaongeza tarakimu, sioni namna zitakavyoigeuza asilimia moja kuwa kumi.

Kinachonisumbua mimi kiko kwenye tarakimu zile zile za 0.85 na 4.6, na pande zote mbili hukipita haraka. Watu wakiona asilimia ya waliowahi kutibiwa ni zaidi ya mara tano ya wapya, wanahitimisha kuwa TB sugu ni ugonjwa wa wakatiza dawa. Mabango ya kliniki yanasema hivyo, na mgonjwa wa TB sugu akirudi mtaani anapokewa hivyo: huyu aliacha vidonge, akajitakia. Piga hesabu. Tuseme wagonjwa ni 1,000, na 50 kati yao wamewahi kutibiwa. Asilimia 4.6 ya hao 50 ni watu wawili, watatu. Asilimia 0.85 ya wale 950 waliobaki ni watu wanane. Katika kila wagonjwa watano wa TB sugu, wanne hivi hawajawahi kumeza kidonge cha TB maishani. Hawakukatiza chochote. Walivuta hewa ya mtu mwingine, kwenye daladala, kwenye chumba cha kupanga, au kwenye benchi la kusubiria kliniki, na ugonjwa ukawaingia ukiwa tayari sugu. Rwanda ilionekana hivyo hivyo: wataalamu walipochunguza vinasaba, waligundua kuwa sehemu kubwa ya TB sugu ya nchi ile ilitokana na ukoo mmoja wa vimelea ulioambukizwa kutoka mtu hadi mtu.

Kwa hiyo wanaosema "wachache" wako sahihi kuhusu idadi, lakini ujumbe wao wa "maliza dozi" umelenga kundi dogo. Wanaopiga kelele wamekosea idadi, lakini wamehisi kitu cha kweli, kwamba ugonjwa unatembea wenyewe. Dawa ya hilo ni kumpata mgonjwa mapema na kumpima usugu siku ile ile anapogundulika, awe mpya au wa kurudia, badala ya kungoja tiba ya kwanza ishindikane.

Tiba yenyewe imekuwa nyepesi. Kibong'oto, hospitali ya TB iliyoko Siha, Kilimanjaro, iliyoanza kuwalaza wagonjwa hawa mwaka 2009, ilianza na tiba ya hadi miaka miwili yenye sindano zilizowaacha wengine viziwi. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vidonge vya miezi sita. Kuchelewa kupo kwenye kugundua: duniani kote mwaka 2023, kati ya watu 400,000 waliokadiriwa kupata TB sugu, waliofikia tiba ni kama 176,000.

Tangu Marekani ilipokata misaada yake mwanzoni mwa 2025, wafadhili wanataka kusikia habari za janga, na asilimia 0.85 haisikiki kama janga. Ningeshangaa kama kikao cha bajeti kingemkumbuka dereva wa bodaboda anayebeba vikopo vya makohozi kutoka zahanati ya kijijini hadi penye mashine. Bila yeye mgonjwa mpya anaanzishiwa vidonge vya kawaida kwa kukisia, na kama ni mmoja wa wale wanane, anaendelea kukohoa nyumbani kwa miezi.