Damu Ikatwe, Kimya Kiachwe

Watu wanapolalamika kwamba runinga imeiharibu filamu ya kutisha, karibu wote hulalamikia damu. Wameruka pale anapochomwa kisu, wamefuta kichwa kinachodondoka, na kadhalika. Ni kweli, wamekata. Ila kwa maoni yangu damu ndiyo hasara ndogo kuliko zote. Filamu nzuri ya kutisha unaweza kuitoa damu yote na mtazamaji bado akaogopa kwenda msalani peke yake. Kinachoiua ni kuondolewa kusubiri, kupunguzwa picha, na kuvunjwa kimya. Hayo runinga huyafanya kila siku, na hakuna anayeandika barua ya malalamiko.

Tuanze na Halloween ya mwongozaji John Carpenter, ya mwaka 1978. Ukiitazama leo utashangaa jinsi damu ilivyo chache. Muuaji, Michael Myers, anasimama tu: ng'ambo ya barabara, nyuma ya ua, kwenye kamba za nguo. Anatazama. Kituo cha runinga cha NBC cha Marekani kilipoinunua ili kuirusha, tatizo lake halikuwa wingi wa machinjo. Filamu ina dakika 91, na baada ya watu wa maadili kupita na mkasi wao, kilichobaki hakikutosha kujaza saa mbili za ratiba hata ukiweka matangazo. Runinga haiwezi kuacha shimo katikati ya usiku, kwa hiyo badala ya kukata tu, ikabidi waongeze.

Carpenter aliitwa kurekodi vipande vipya mwaka 1981, wakati Halloween II ikitengenezwa, akapata dakika kama 12. Katika kimoja, Daktari Loomis, anayemtibu Michael tangu utotoni, anawasihi madaktari wenzake pale hospitali ya Smith's Grove wamhamishie yule mtoto kwenye ulinzi mkali zaidi, nao hawamsikilizi. Katika kingine Lynda anakuja kwa rafiki yake Laurie, msichana anayewindwa na Michael, kuazima blauzi, na Laurie amejifunga taulo kichwani. Taulo lile lina siri yake: miaka mitatu ilikuwa imepita, na Jamie Lee Curtis, anayeigiza Laurie, alikuwa na nywele fupi kuliko za 1978. Ukishalijua hilo huwezi tena kuitazama scene ile kwa utulivu. Macho yote yanabaki kwenye taulo.

Kisha kuna kipande cha tatu, ambacho ndicho kilichosababisha balaa. Michael ametoroka, Loomis anaingia chumbani kwake na kukuta neno moja limekwaruzwa kwenye mlango: dada. Katika filamu ya 1978 Laurie hakuwa dada wa mtu. Alikuwa msichana tu, mwenye bahati mbaya ya kupita asubuhi ile mbele ya nyumba ya zamani ya akina Michael, na hapo ndipo hofu yote ilipolala, kwa sababu hakukuwa na sababu. Udugu ulibuniwa kwa ajili ya sehemu ya pili, na toleo la runinga likaurudisha nyuma hadi kwenye sehemu ya kwanza. NBC iliirusha tarehe 30 Oktoba 1981, siku ileile Halloween II ilipoingia majumba ya sinema. Biashara safi kabisa, sikatai.

Lakini fikiria matokeo yake. Kwa miaka mingi mashabiki waliikuta hadithi ya Michael ikiwa hadithi ya ugomvi wa ukoo, filamu baada ya filamu. Carpenter mwenyewe baadaye alionyesha kujutia wazo lile. Ilipotoka Halloween nyingine mwaka 2018, waandishi wake waliufuta udugu wote na kumpa mhusika mmoja nafasi ya kusema kwamba hayo ni mambo ya kubuniwa na watu. Zile dakika za kujazia ratiba hazikuuanzisha udugu, lakini ndizo zilizoupandikiza ndani ya filamu ambayo haikuuhitaji.

Na bado sijafika kwenye kosa kubwa lililofanyiwa Halloween. Carpenter na mpiga picha wake, Dean Cundey, waliipiga kwa picha pana, yenye upana zaidi ya mara mbili ya kimo chake. Waliutumia upana ule kama mtego. Mhusika yuko upande mmoja, na upande wa pili kuna nafasi tupu, mlango au kichaka, nawe unakodoa macho pale patupu ukisubiri. Karibu na mwisho Laurie ameegemea ukuta akilia, na kando yake, ndani ya mlango wenye giza, kinyago cheupe kinajitokeza polepole. Hakuna anayepiga kelele na hakuna kinachoruka. Picha inakuonyesha jambo ambalo Laurie halijui.

Runinga za zamani zilikuwa karibu mraba. Ili kuijaza skrini ile, fundi alichagua kipande cha katikati, au cha kushoto, au cha kulia, na zaidi ya asilimia 40 ya picha ikaachwa nje. Nafasi tupu haina mtetezi, kwa sababu kwa fundi pale hapana kitu. Akakata patupu, akabakiza uso. Mtego ukawa umeteguliwa kabla mtazamaji hajaukaribia. Hakuna mkaguzi wa maadili aliyeagiza hilo, na hakuna mtoto aliyelindwa kwa hilo. Sasa runinga zetu ni pana na ugonjwa huo umepungua, ingawa hapa kwetu bado nakutana na nakala za zamani zilizopigwa ule mkato wa mraba kisha zikavutwa kwa nguvu zijaze skrini mpya, watu wote wakaonekana wanene.

Wapo watakaosema basi tatizo ni ufundi, ila ukataji wa maadili hauna madhara. Hapo nakataa. Angalia Frankenstein ya 1931. Jitu linamkuta msichana mdogo, Maria, kando ya ziwa. Wanacheza kurusha maua majini, yanaelea. Maua yanaisha. Jitu, kwa akili zake za kitoto, linadhani na mtoto ataelea vilevile, linamrusha. Ni ajali ya kutia uchungu, na ndiyo inayokufanya ulihurumie lile jitu. Wakaguzi wa enzi zile waliona ni ukatili mno wakakata. Mkato wao uliishia pale jitu linaponyoosha mikono kumshika mtoto. Kinachofuata ni baba akitembea mjini amembeba binti yake aliyekufa.

Hebu jaza mwenyewe kilichotokea katikati. Kila mtu mzima aliyetazama alijaza kitu kibaya kuliko kuzama majini. Filamu hiyo ilikuwamo katika furushi la filamu 52 za kutisha zilizouzwa kwa vituo vya runinga vya Marekani mwaka 1957, na kwa miongo kadhaa watazamaji wa nyumbani waliijua bila kipande kile. Kilirudishwa miaka ya 1980. Kwa hiyo kizazi kizima kililindwa dhidi ya ajali, kikapewa shaka ya jambo la aibu. Sijui mkaguzi yule alilala vipi.

Mfano wa kuchekesha zaidi ni wa The Kiss of the Vampire, filamu ya kampuni ya Hammer ya Uingereza ya mwaka 1963. Ilipofika kwenye runinga ya Marekani walikata hadi jina, ikaitwa Kiss of Evil. Walikata mengi mno hata muda ukapungua, na suluhisho lao likawa kurekodi familia mpya kabisa. Familia ile inakaa ndani ikibishana kuhusu ukoo wa wanyonya damu, wala haikutani na mhusika yeyote wa filamu yenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na kuna pale Marianne anapofungua pazia na kupiga ukelele. Alichokiona kilikatwa. Mtazamaji anabaki na ukelele bila kisa, kisha anarudishwa kwenye ile familia inayobishana.

Wanaofanya kazi hii kwa heshima wapo, na mara nyingi ni pale mwenye filamu anapoitwa mwenyewe. CBS, kituo kingine cha Marekani, ilipotaka kuirusha The Exorcist, filamu ya msichana aliyepagawa na pepo, mwaka 1980, mwongozaji wake William Friedkin alirudi kazini. Sanamu ya Bikira Maria iliyonajisiwa ilionekana haifai kabisa, akapiga picha nyingine ambamo sanamu inalia machozi ya damu. Matusi ya pepo nayo ilibidi yabadilishwe, na Friedkin akaingia studio kutia sauti hiyo yeye mwenyewe. Lile tusi baya kuhusu mama yake Padri Karras likageuzwa kuwa kauli kwamba mama huyo bado anaoza jehanamu.

Wamarekani waliona wamelainisha. Mimi nikiisikia kwa masikio ya nyumbani, sina hakika. Kwetu tusi la mama ni tusi, watu hupigana, wakapatanishwa, yakaisha. Lakini kumwambia mtu aliyefiwa juzi, tena padri, kwamba mamaye anaozea motoni? Hiyo unaitishia kikao cha wazee. Kwa hiyo pepo wa runinga, kwa bahati au kwa makusudi, ni mkatili kuliko pepo wa sinema, na hana neno chafu hata moja. Ndiyo maana nasema kukata si lazima kuwe kuharibu. Inategemea anayeshika mkasi anajua hofu iko wapi.

Carpenter hakupata bahati hiyo kwenye The Thing ya 1982, filamu ya kiumbe kinachojigeuza kuwa mtu au mnyama yeyote. Toleo la runinga lilitengenezwa bila yeye, likaongezewa sauti ya msimulizi na mwisho mwingine unaodokeza kwamba kile kiumbe kinaondoka kikiwa katika umbo la mbwa. Filamu ile inasimama juu ya kutojua nani ni nani. Ukiwa na msimulizi anayekueleza mambo na mwisho unaokuonyesha kiumbe kilipo, umebaki na watu wenye ndevu kwenye barafu. Carpenter alilikana toleo lile, na nani angemlaumu.

Kama bado unadhani runinga na hofu ya kweli haviivi chungu kimoja, kumbuka Salem's Lot ya mwongozaji Tobe Hooper, hadithi ya wanyonya damu katika mji mdogo, iliyotengenezwa kwa ajili ya CBS mwaka 1979 na kurushwa kwa sehemu mbili. Pale mkasi ulikuwapo tangu siku ya kupiga picha. Kuna scene ya mume mwenye hasira anayemtishia bwana mwingine kwa bunduki, nayo ilipigwa mara mbili: kwa runinga mtutu uko mbele ya uso, kwa majumba ya sinema ya Ulaya umo mdomoni. Nani anaikumbuka bunduki ile? Kinachokumbukwa ni mtoto aliyekufa anayeelea nje ya dirisha usiku, ukungu nyuma yake, akikwaruza kioo aingizwe ndani. Ilipita kwenye runinga ya familia bila tone la damu. Na toleo la sinema lililokuwa na mtutu mdomoni lilipunguzwa kutoka saa tatu hivi hadi chini ya mbili, kwa hiyo likapata ukali kidogo na kupoteza ule uvivu wa mji mdogo unaooza polepole, ambao ndio uliokuwa wa thamani.

Huku kwetu tuliongezewa na jambo la kiufundi ambalo Wamarekani hawakulijua. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde. Mfumo wa runinga tulioutumia Afrika Mashariki, kama Ulaya, ni wa picha 25. Njia rahisi ya kurusha ilikuwa kuiendesha filamu kwa kasi hiyo na kunyamaza. Dakika 91 zinakuwa 87 na kidogo, sauti za watu zinapanda, na piano ya Halloween inakimbia kidogo kuliko alivyoipiga Carpenter. Asilimia nne si nyingi, lakini filamu ya kutisha inaishi kwenye sekunde moja ya ziada kabla ya mlango kufunguka.

Halafu kuna matangazo. Kuna kituo kimoja, sitakitaja, ambacho kina kipaji cha kukata kwenda kwenye tangazo la sabuni pale mhusika anapoweka mkono kwenye kitasa, na kikirudi, kitasa kimeshafunguliwa. Chini ya skrini zinapita salamu za watazamaji, fulani anamsalimia mpenzi wake wa Mwanza. Juu kuna nembo inayozunguka. Hakuna aliyekata damu, tafadhali tuelewane. Damu yote ipo, na hakuna hata mtu mmoja sebuleni anayeogopa.

Ndiyo maana ninapoulizwa kama filamu hizi zikatwe kwa ajili ya watoto, jibu langu ni saa. Kenya ina kanuni kwamba vipindi vya kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku viwe vya kufaa familia nzima. Kanuni ya namna hiyo ina akili kuliko mkasi. Subiri saa nne ipite, tangaza umri, kisha ionyeshe filamu kama ilivyo. Mkiona ni lazima mkate, kateni kisu kinapogusa mwili. Katika Psycho ya 1960 kisu chenyewe hakionekani kikiingia mwilini kwa namna ya maana, na CBS bado iliogopa: binti wa mgombea wa useneta wa Illinois, Charles Percy, aliuawa nyumbani kwao Septemba 1966, siku chache kabla ya filamu kurushwa, kituo kikaiahirisha na mwishowe kikaiacha kabisa. Uamuzi ule ninauheshimu. Waliona wakati haufai, wakaiweka pembeni nzima, hawakumrushia mtu nusu filamu.

Toleo la runinga la Halloween lilikuja kutolewa kwenye diski, kwa hiyo linapatikana kwa anayelitafuta. Litazame, scene za Loomis ni nzuri kweli, Donald Pleasence akizungumza na mtoto asiyejibu kitu. Ila anza na ile ya dakika 91, kwa picha yake pana yote, simu ikiwa chumba kingine. Neno lile la mlangoni ukishalisoma, huwezi tena kumwona Laurie kama msichana aliyepita tu njia.